Jinsi ya kuandaa siku ya sanaa na wenzetu wenye usonji na waliopitia magonjwa ya akili, Mwanza na mwambao wa ziwa

Nimeulizwa na watu kadhaa wa Ilemela na mmoja wa Sengerema, wanataka kufanya siku ya sanaa mtaani kwao pamoja na watu wenye usonji (autism), ADHD (kushindwa kutulia na kukaza akili), disleksia (kuchanganywa na herufi), Down sindromu, na pia wale waliougua sonona (huzuni kali), baipola (hali kupanda na kushuka sana) au skizofrenia (kusikia au kuamini vitu visivyokuwepo) na maisha yao yanaendelea, sasa waanzie wapi. Naandika hapa ninayoyajua yote, ni marefu ila soma mpaka mwisho maana mambo ya usalama yapo katikati.

Kwanza shika hili, mengine yote yanatoka hapo: panga siku nzima ukimfikiria yule mtu ambae atakua wa kwanza kutaka kuondoka. Wengi tunaanza na steji, spika, emsii, matenti, mgeni rasmi, afu mwisho kabisa ndo tunakumbuka wahusika wenyewe waitwe. Geuza. Mfikirie mtoto wa miaka tisa mwenye usonji ambae mlio wa spika unamuumiza kabisa masikio, au dada aliyetoka wodini juzijuzi na kundi la watu linamtia hofu. Jiulize huyu akifika getini anakutana na nini, akichoka anaenda wapi, akitaka kurudi nyumbani saa tano anapita wapi bila kukatiza mbele za watu. Ukishajibu hayo maswali shughuli imeshapangika zaidi ya nusu, na wengine nao, wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga, watakaa kwa raha kuliko walivyozoea.

Sasa kamati. Nusu yake angalau wawe wenyewe, yani mtu mzima mwenye usonji, mtu aliyepitia ugonjwa wa akili, kijana mwenye disleksia, sio mzazi wala nesi anayewasemea. Wazazi na manesi wakae kwenye ile nusu nyingine. Wape kazi za kweli, wa kushika hela, wa kuchagua eneo, wa kusema hapana, sio kuwaweka pale ili majina yao yatokee kwenye barua. Vikao viwe vifupi, sehemu ileile, saa ileile, na kama kuna mtu anapenda kusimama au kutembea tembea wakati mnaongea muacheni atembee, anasikia vizuri tu. Ajenda usiandike ukurasa mzima, tuma voisi ya dakika moja kwenye grupu au chora vitu vitatu kwenye karatasi: tarehe, eneo, rangi, basi. Mtu mwenye disleksia atakushukuru, na mzee wa mtaa ambae hajui kusoma vizuri nae atakua amejumuishwa bila kuulizwa uliza.

Kuwapata watu ndo kazi inayohitaji uvumilivu. Shule za msingi zenye vitengo vya elimu maalumu ni mlango mzuri, mwalimu wa kitengo anajua familia zote. Kwa upande wa afya ya akili kuna kliniki kwenye hospitali za Bugando na Sekou Toure, lakini usiende kuomba orodha ya majina, hawatakupa na hawaruhusiwi kukupa, we acha karatasi yenye mchoro na namba ya simu, mtu mwenyewe akitaka atapiga. Na akipiga usianze kumuuliza anaumwa nini, muulize anapenda kufanya nini kwa mikono yake.

Kina mama wenye watoto waliofichwa ndani wanafikiwa na kina mama wenzao, sio na kamati iliyovaa fulana. Mama anayemfungia mtoto ndani mara nyingi sio mkatili, ameshasikia maneno ya majirani, mara karogwa, mara ukoo wenu una laana, ameshazunguka kwa waganga na kwenye maombi mpaka hela imeisha. Usiende kubishana nae kuhusu chanzo cha hali ya mtoto. Msalimie kwa Kisukuma, mwangaluka mama, kaa, kunywa maji ukipewa, afu mwambie kuna siku ya kuchora na kupiga ngoma, mtoto anakaribishwa alivyo, na wewe mama utakaa nae muda wote, nauli ipo. Mara nyingine mtoto anakaa na bibi, basi bibi ndo mgeni wako na ongea nae Kisukuma, au Kikerewe kama mko Ukerewe, usimlazimishe Kiswahili cha ofisini.

Tarehe. Kuna siku za kimataifa, 2 Aprili ya usonji, 10 Oktoba ya afya ya akili, 3 Desemba ya watu wenye ulemavu, na wafadhili wanazipenda sana hizo. Ila huku kwetu Aprili ni masika, Oktoba vuli inaanza na Desemba mvua bado zipo, na mvua juu ya bati au turubai ni kelele ambayo mtu mwenye masikio mepesi hawezi kuvumilia hata robo saa. Mi nashauri Juni mpaka Agosti, kiangazi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane hivi. Usiweke saa moja au mbili asubuhi, maana dawa nyingi za akili zinaleta usingizi mzito na mtu anayezimeza usiku anakua bado hajachangamka, ukimlazimisha atakuja kukaa tu kama hayupo.

Na hapohapo kwenye dawa kuna jambo waandaaji wengi hawalijui. Mtu anayetumia klopromazini ngozi yake inaungua na jua haraka kuliko wengine, wa amitriptilini anakauka mdomo, wa haloperidoli anaweza kutetemeka mikono au kushindwa kabisa kutulia kwenye kiti, anainuka anakaa anainuka. Kwahiyo kivuli kwenye shughuli yenu ni lazima, miti mikubwa ndo bora, na ndoo za maji zenye koki ziwe kila kona, sio moja tu jikoni. Anayeinuka inuka asiulizwe kwanini hatulii. Na masuala ya dozi waachieni yeye na daktari wake, kamati haihusiki kabisa.

Eneo sasa. Furahisha pale Kirumba pana ukubwa na kila mtu anapajua lakini pako wazi mno, barabara ipo jirani, honi, na huna pa kumficha mtu aliyechoka. Kisiwa cha Saanane ni pazuri mno, kimekua hifadhi ya taifa tangu 2013 na watoto wanafurahi, ila unaenda kwa boti na unarudi kwa boti, yani huyo mtu wetu wa kwanza kutaka kuondoka hawezi kuondoka anapotaka, kwahiyo Saanane iwe matembezi ya siku nyingine na watu wachache. Mi ukiniambia nichague nitachukua uwanja wa shule wakati wa likizo, wenye ukuta au uzio, miti, madarasa mawili matatu mnayoweza kufungua, na vyoo vinavyofungika. Kiwanja cha kanisa au msikiti nacho kinafaa kama wenyeji wamekubali kwamba siku hiyo hakuna kuwaombea watu bila wao kuomba.

Kama mnaona lazima iwe ufukweni, sikilizeni vizuri hapa. Watoto wengi wenye usonji wanavutwa sana na maji, na wengine wanaondoka kimya kimya bila kulia wala kuita, unageuka hayupo. Marekani wamefuatilia hili na kuzama majini ni moja ya sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji wanaotangatanga mbali na wazazi. Sasa sisi tuna ziwa na tuna mawe makubwa ya kupanda na kuteleza. Fungeni kamba au nyavu upande mzima wa maji, wekeni watu wazima wawili wawili wasiofanya kazi nyingine yoyote zaidi ya kuangalia maji, wabadilishwe kila nusu saa maana macho yanachoka, na ongeeni na wavuvi wa pale mtumbwi mmoja uwe karibu na majaketi okozi ndani yake. Kila mtoto akiingia getini piga picha ya nguo alizovaa kwenye simu ya mtu mmoja tu wa kamati, andika na namba ya mzazi, jioni zifute zote. Mtoto akipotea hata dakika moja mtu wa kwanza anakimbilia majini, sio getini. Halafu kuna kichocho mwambao huu, kwahiyo hata kuchezea maji ya pembeni hapana, kama mnataka mchezo wa maji wekeni mabeseni.

Haya, kona ya utulivu. Hii ndo roho ya shughuli nzima, ikikosekana hata hayo mengine yakiwa mazuri kiasi gani siku haitakua ya wahusika. Chukua darasa la mwisho kabisa, mbali na spika na mbali na jiko (harufu ya dagaa wa kukaanga kwa mtu mwingine ni mateso), toa madawati acha mawili, tandika mikeka na matandiko, funika madirisha yenye jua kali na vitenge vyenye rangi moja, sio vile vya maua mengi. Weka vitu vya kushika: udongo mkavu kwenye sinia, kokoto laini za ziwani, kamba za kusuka, vipande vya vitambaa ambavyo mafundi cherehani wanavitupa. Weka vile vya kuziba masikio wanavyovaa mafundi wa grenda, vinauzwa madukani kwenye vifaa vya ujenzi, jozi kadhaa za watoto na wakubwa. Mlangoni akae mtu mmoja mpole ambae hasemi sana, tena mi napendelea awe ni mtu aliyewahi kupitia hali hiyo mwenyewe, maana anajua kunyamaza. Sheria ziwe chache na zichorwe ukutani, hakuna simu, hakuna picha, hakuna kumuuliza mtu una nini, kaa utakavyo toka utakapo. Na hii kona isiwe ya watoto tu, mtu mzima wa miaka hamsini nae ana haki ya kwenda kulala kwenye mkeka dakika ishirini afu akarudi kupaka rangi.

Watu wa kamati wakiona kona imejaa wasiogope wakadhani shughuli imefeli. Kona ikijaa maana yake watu wamebaki badala ya kwenda nyumbani.

Kuhusu sauti. Fundi mitambo aambiwe kabla ya kuja, tena na mtu wa kamati uso kwa uso, spika mbili zinatosha, zielekezwe upande mmoja, na kuwe na upande wa uwanja ambako unaweza kuongea bila kupaza sauti. Hakuna taa za disko zinazowaka na kuzima, kwa sababu ya watu wa kifafa ambao wengi wanatibiwa kliniki hizohizo za afya ya akili. Sasa ngoma tunafanyaje, maana siku ya sanaa Usukumani bila ngoma nani ataielewa? Ngoma iwepo, ila ianze taratibu. Bendera ya njano ipandishwe dakika tano kabla, emsii aseme kwa sauti ya kawaida kwamba ngoma inakuja anayetaka kusogea asogee, afu apige mpigaji mmoja peke yake, polepole, halafu wa pili, wa tatu, mpaka imekolea. Bugobogobo ile ya majembe inafaa mno kwa kazi hii kwa sababu ina mpangilio unaojirudia, ilikua ya kazi ya shambani tangu mwanzo, na mtu mwenye usonji anayependa vitu vinavyojirudia anaweza kuingia ndani yake akakaa nusu saa bila kuchoka, nimewaona wanaocheza kuliko wachezaji wenyewe. Majembe yawe ya mbao kwa wale wageni. Na yule asiyesikia vizuri au asiyependa sauti muache aweke kiganja kwenye ngozi ya ngoma wakati inapigwa polepole, anaisikia kwa mkono.

Wasukuma tuna desturi ya vyama vya ngoma kushindana, Wagika na Wagalu, wale wanaoonekana Bujora kule Kisesa kipindi cha sherehe za Bulabo mwezi wa sita, na kuna watu watakuambia wekeni mashindano na zawadi ili ichangamke. Mi nasema hapana kwa siku hii. Mtu aliyeshindwa darasani miaka kumi kwa sababu herufi zinamchanganya hahitaji tena kuambiwa ametoka wa nne. Vikundi vikitaka kutambiana kwa nyimbo sawa, hiyo ni furaha, ila hakuna majaji na hakuna vikombe.

Twende kwenye vifaa maana hapa ndo watu wanatupa hela. Hamhitaji vitu vya dukani sana. Maboksi makubwa ya madukani yakifunguliwa ni turubai la kuchorea, magunia, nyavu chakavu kutoka soko la samaki la Mwaloni zilizofuliwa vizuri na kuanikwa (zisipofuliwa vizuri harufu itafukuza nusu ya watu), vizibo vya soda, udongo wa mfinyanzi, ukili wa kusuka. Rangi nunueni ya maji, ile ya kupaka ukutani ndani, lita chache za nyekundu, bluu, njano, nyeusi na nyeupe, mengine mtachanganya. Najua wengi wanapenda mtindo wa uchoraji wa Tingatinga na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipoanza Dar miaka ya 1960 mwishoni alitumia bodi za dari na rangi ya baiskeli, ila rangi ya mafuta inanuka kali na inasafishwa kwa tina, kwa mtu mwenye pua nyepesi kichwa kitauma dakika kumi tu, na wengine wataanza kutapika. Mtindo chukueni, rangi badilisheni.

Mwenye mikono inayotetemeka mfungie mpini wa brashi kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka unenepe, anashika vizuri kabisa. Asiyependa kuguswa na gundi au udongo mpe glavu au kijiko, usimwambie atazoea. Mwenye ADHD usimkalishe mezani, mpe ukuta, tundika boksi refu la mita tatu achore amesimama, akienda akirudi, na kazi ziwe za dakika kumi na tano kumi na tano. Mwenye disleksia kama ana mashairi kichwani rekodi sauti yake kwenye simu, shairi halihitaji kuandikwa ili liwe shairi, babu zetu hawakuandika. Na kuna yule anayechora kitu kimoja tu. Kuna kaka mmoja wa upande wa Igombe anachora mitumbwi, mitumbwi tu, kila mmoja na namba yake pembeni na idadi sahihi ya mbao, watu walikua wanamshawishi achore na samaki, na milima, abadilishe. Kwanini abadilishe? Tukamtafutia ukuta mzima akajaza mitumbwi na wavuvi wa kweli wakaja wakawa wanautambua mmoja mmoja, huu wa fulani, huu ulishavunjika. Siku hiyo yeye ndo alikua anawafundisha wao.

Ukuta kama huo unahitaji kibali cha mwenye ukuta kwa maandishi, msisahau.

Vibali vingine: mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kwanza, wao watakuelekeza barua ya polisi, halafu afisa utamaduni wa halmashauri yenu, mfano Jiji la Mwanza kwa Nyamagana au Manispaa ya Ilemela, kutegemea mko wapi. Nenda pia kwa ustawi wa jamii na kwa mratibu wa afya ya akili wa halmashauri, sio kwa kuomba ruhusa tu, hawa ndo watakaokupa nesi wa siku hiyo. Kwenye barua ya kuomba mchango msiandike habari za huruma, andikeni haki. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, na ibara ya 30 inasema wapate nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa sio kwa faida yao tu bali kwa kuitajirisha jamii. Na kama mfadhili anataka ushahidi wa kitaalamu, shirika la afya duniani kanda ya Ulaya lilitoa ripoti 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Inatosha, msijaze kurasa.

Mgeni rasmi mkiwa nae kubalianeni mapema na msaidizi wake mambo mawili, ataongea dakika tano na shughuli haitamsubiri. Mtoto wa usonji ameonyeshwa ratiba ya picha nyumbani wiki nzima, kwanza rangi, halafu uji, halafu ngoma, ukimsimamisha saa nzima juani kwa sababu gari halijafika ile ratiba imevunjika na siku yake imeharibika. Mgeni akichelewa atakuta watu wanachora, apewe brashi nae achore.

Emsii nae apewe maneno. Asiseme wagonjwa wetu, asiseme hawa wenzetu wenye matatizo, chizi na zezeta hata kwa utani hapana. Aseme wasanii, na majina yao jinsi walivyotaka waitwe. Daktari kuhutubia saa nzima kuhusu dalili za magonjwa sio siku yake, awe na meza yake pembeni anayetaka aende. Na ushuhuda, yani ile kumsimamisha mtu aeleze alivyokua akiokota makopo Igoma na sasa amepona, hiyo msifanye. Mtu akitaka mwenyewe kusema maisha yake kwa shairi, igizo, wimbo, ni lake, yeye ndo anaamua aishie wapi, na mtu wa kamati akae nae kabla na akae nae baada, maana baada ya kusema mambo mazito mbele za watu usiku ule unaweza kuwa mgumu.

Hapa niongeze kitu cha kwetu. Mwanza ina majonzi yake, meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 na makaburi yapo Igoma, 2018 ikaja ajali ya kivuko cha MV Nyerere kule Ukara. Kuna watu kwenye shughuli yenu walipoteza mama, walipoteza watoto. Kikundi cha igizo kikitaka kugusa ajali ya meli sawa kabisa, ila itangazwe kwenye ratiba toka mwanzo na emsii arudie kabla haijaanza, ili asiyeweza aende kwenye kona au nje. Msiwashtukize watu kwa msiba wao.

Picha. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022 na habari za afya ya mtu zinahesabika kuwa nyeti, kwahiyo sio suala la ustaarabu tu. Njia rahisi ni utepe, anayevaa wa kijani apigwe picha, anayevaa mwekundu asipigwe picha hata kwa bahati mbaya nyuma ya mwingine, watoto mzazi ndo anasema na mtoto nae anaulizwa. Mtu akibadili mawazo wiki ijayo mnafuta. Mpiga picha awe mmoja anayejulikana, wageni simu mfukoni.

Mtu akilemewa, akaanza kupiga kelele au kujipiga au kulia, msimzunguke. Mtu mmoja tu anayemjua asogee, aongee kidogo kwa sauti ya chini, wengine waendelee na shughuli zao na spika ipunguzwe. Msimshike kwa nguvu isipokuwa kama anaelekea kwenye hatari, msimpigie maombi ya kelele, msimrekodi. Akianguka kifafa ondoeni vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa, mlaze ubavu mtikisiko ukipungua, msimwekee kijiko mdomoni wala msimkandamize, povu lake haliambukizi mtu. Ikizidi dakika tano ni hospitali, na bajaji au gari la kumpeleka liwe limeshalipwa na lipo getini tangu asubuhi. Kwa mtoto mnayeona anaumizwa nyumbani, namba ya simu ya watoto ni 116, bure.

Chakula kifanyeni rahisi na vitu visichanganywe. Wali peke yake, maharage peke yake, sato peke yake, mtu ajipakulie, maana kuna watu mchuzi ukigusa wali hawali tena na sio madeko. Uji, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga ziwekwe mbali na wenye mzio waambiwe.

Hela. Kama emsii analipwa na fundi mitambo analipwa basi na wasanii wanalipwa, siku hiyohiyo, mkononi mwao, sio kupitia kwa mtu eti atawatunzia. Kazi ikiuzwa hela ni ya aliyeitengeneza, kamati ikitaka asilimia ya vifaa mkubaliane kabla. Nyuma ya kila kazi andikeni jina la msanii, tarehe na alivyoiita. Brazil kulikua na daktari Nise da Silveira, alifungua studio ya uchoraji ndani ya hospitali ya magonjwa ya akili Rio de Janeiro 1946, na 1952 akaanzisha makumbusho ya kazi hizo, na mpaka leo watu wanawajua kina Adelina Gomes na Fernando Diniz kama wachoraji kwa sababu kazi zao zilitunzwa na majina yao. Kwetu karatasi zinaishia kuwashia jiko jumatatu, tafadhali sana tafuteni kabati kavu lisilo na mchwa.

Baada ya siku kuisha msipotee. Siku ya pili yake pigeni simu kwa kila aliyekuja, hata aliyekaa dakika kumi akaondoka, huyo hasa, muulizeni nini kilimfukuza. Anzeni kukutana Jumamosi mbili kwa mwezi, darasa lilelile, watu kumi wanatosha, bila spika bila mgeni rasmi. Mkishazoeana mnaweza kujisajili kama kikundi halmashauri na kuulizia ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, kwa ajili ya rangi, cherehani, au tanuru la kuchomea vyungu. Wa kumuona kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, nenda na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao chenye sahihi za wanachama wote, na mfuko wa kazi mbili tatu nzuri muweke mezani kwake azione.